Ulimi Niliomkopesha Glenys

Siku Glenys Ormerod aliponiambia kwamba pua yake imekufa, pai zilikuwa zinaungua.

Ilikuwa Januari, adhuhuri, mvua inapiga madirisha ya baa ya Mikasi Miwili, na mteja nilikuwa mimi peke yangu. Glenys, mwenye baa, alisimama nyuma ya kaunta akifuta glasi, hatua tatu kutoka mlango wa jiko. Moshi ulianza kupita juu ya kichwa chake, naye anaendelea kufuta, ananisimulia habari za dada yake wa Morecambe na magoti yake.

"Glenys," nikasema, "jiko lako linaungua."

Akageuka, akaona, akakimbia. Aliporudi alikuwa na trei ya pai nyeusi kama makaa. Akaiweka mbele yangu kana kwamba ndizo nilizoagiza.

"Hukusikia harufu?"

"Sisikii kitu, Seth. Tangu ile korona. Mwaka wa tatu huu. Sabuni, kitunguu, gesi, hakuna. Na ulimi nao ndiyo hivyo hivyo. Nakula kama natafuna gazeti."

"Na bia?"

Alichukua pai moja akaibonyeza kwa kidole mpaka ikavunjika.

"Norman ndiye alikuwa anaonja," akasema. Norman alikuwa mumewe. Tulimzika Oktoba. "Tangu alipougua naiangalia kwa macho tu. Ikiwa safi kwenye glasi, nauza, namwomba Mungu."

Bia yetu ya pipa, ile ya kuvutwa kwa mkono wa pampu, ni kitu hai. Inafika hamira bado inafanya kazi humo ndani. Unailaza chini kwenye stoo ya baridi, unaiacha itulie siku moja au mbili, ndipo unaifungua. Ukishaifungua una siku tatu. Pipa la kawaida lina painti, yaani glasi kubwa, sabini na mbili, na ukiziuza ndani ya siku hizo tatu mambo ni mazuri. Usipoziuza, hewa imeshaingia, bia inaanza kuchacha. Na ubaya wake ni kwamba inaweza kuchacha huku inang'aa kama dirisha la kanisa. Mara nyingine pipa linafika lenyewe na kasoro, na hilo pia jicho halilioni.

"Unataka nini, Glenys?"

"Nataka ulimi wako."

"Majirani watasema."

"Mpumbavu wewe. Kila siku saa tano, kabla sijafungua. Unaonja kila pipa, unaniambia kweli. Nusu painti ni yako, bure."

"Na nikikwambia mbaya?"

"Nalifunga, nafungua jingine. Kazi ya dakika kumi. Ila asijue mtu, kipenzi. Mwenye baa asiyenusa ni kama kinyozi kipofu. Wakijua tu, hata bia nzuri wataiona mbaya."

Kwetu Brindlow mwanamke akikuita kipenzi usivimbe kichwa. Humwita hivyo hata anayekuja kusoma mita. Lakini siku ile nilivimba kidogo. Mimi, Seth Buckley, nina miaka sabini na minne na sijawahi kukabidhiwa kitu. Nimekuwa baharini kwenye meli za mizigo, nimechimba mahandaki ya maji, nimevuna hopsi, yale maua ya kutia bia uchungu, kule Kent, na miaka sita nilizunguka na watu wa bembea za maonyesho. Shule nilisoma robo hapa, robo kule. Lakini bia naijua. Nikiionja nakwambia kama mabomba yameoshwa wiki hii au wiki iliyopita.

Wiki za kwanza nilifanya kazi ile kama kasisi. Asubuhi chai kavu tu, bila sukari. Saa tano kamili nagonga mlango wa nyuma. Glenys anavuta kidogo kidogo kwenye glasi tatu, anaziweka kwenye mstari, anasimama amefunga mikono akiniangalia mdomo. Siku moja ya Februari nikamwambia, "Ya katikati imekwenda." Hakubisha. Akashuka chini, nikasikia nyundo, akarudi na mashavu mekundu, akavuta nyingine. Nikaonja, nikaitikia kwa kichwa kwa raha. Akacheka. Tangu Norman afe sikuwa nimemsikia akicheka.

Jioni ile wacheza dhumna walimaliza pipa zima. Hakuna aliyejua kwa nini.

Mwezi wa Machi ikafunguliwa ile baa nyingine.

Ilikuwa kwenye jengo la zamani la ofisi ya ajira, kule chini barabara kuu, mahali nilipopanga foleni nikiwa kijana na kofia mkononi. Kampuni yenyewe ina mamia ya baa nchi nzima. Hii wakaipa jina la Josiah Bardsley, meya fulani wa zamani, na sisi tukaiita Kwa Josiah. Painti moja pauni moja na peni tisini na tisa. Kwa Glenys ilikuwa pauni nne na ishirini. Wanafungua saa mbili asubuhi. Kahawa unalipia kikombe kimoja, ukimaliza unajijazia tena mpaka ukatae mwenyewe. Na joto! Mabomba ya joto yanawaka toka asubuhi hadi usiku, na mimi chumbani kwangu nalisha mita ya gesi sarafu kama namlisha mbuzi.

Nilijiambia naenda kupasha moto mifupa. Siku ya tatu nikamwona mtu kwenye kona amejificha nyuma ya gazeti. Viatu nikavijua. Vilikuwa vya Wilf Shawcross, nahodha wa timu ya dhumna ya Mikasi Miwili.

"Wilf."

"Wilf hayupo," likasema gazeti.

"Shusha, nimekuona. Na gazeti umelishika kichwa chini."

Akashusha. Mbele yake sahani: mayai mawili, soseji tatu, maharage, na painti imefika nusu. Saa tatu asubuhi.

"Na wewe unafanya nini hapa, mzururaji?"

"Napita."

"Napita! Una kikombe mkononi na koti umetundika. Kaa chini kabla hujaanguka kwa uongo."

Nikakaa. Tukatazamana kama watoto wawili waliokutana kwenye mti wa jirani.

"Usimwambie Glenys," akasema.

"Wala wewe."

Wilf alikuwa karani wa hesabu wa kiwanda kabla hakijafungwa, na anapenda kueleza. Akanyoosha uma kuelekea kaunta, ambako watu kumi na watano walikuwa wameshajipanga.

"Hapa pipa linafunguliwa saa mbili, saa nane mchana limekwisha. Sasa niambie, litachacha saa ngapi? Hawa wananunua kwa maelfu. Hata yale yaliyokaribia tarehe ya mwisho wanayachukua kwa bei ya kutupa, maana wanajua hayatalala. Glenys wako hana ruhusa ya kununua anapotaka. Jengo lake ni la kampuni ya bia, na kampuni hiyo inamwambia nunua kwangu, kwa bei yangu. Kwa hiyo bia yake ghali. Kwa kuwa ghali, inauzika polepole. Kwa kuwa polepole, inachacha. Kwa kuwa inachacha, sisi tunakuja huku."

"Na tukija huku, yake inauzika polepole zaidi."

"Ndiyo hivyo."

"Sasa sisi tufanye nini?"

"Sisi?" Akapaka sosi kwenye soseji. "Sisi tunasoma gazeti."

Kulikuwa na jambo jingine ambalo Wilf hakulisema, nami ndilo lililonishika kuliko bei. Kwa Glenys, ukikaa saa mbili nzima mbele ya nusu painti, anakuona. Hasemi kitu, lakini anakuona. Anajua jina la marehemu mama yako. Kwa Josiah msichana anakuletea chakula bila kukutazama na kesho yake hakukumbuki. Mahali usipojulikana hakuna unayemkosea. Mtu aliyehamahama maisha yake yote analipenda hilo kupita kiasi.

Basi nikawa naenda kila siku. Saa mbili kahawa. Kisha kahawa na mkate. Kisha sahani nzima. Kufika Aprili nilikuwa nameza na painti moja juu yake, maana bei ilikuwa inachekesha. Saa tano kasorobo napanda kilima kwenda Mikasi Miwili, nasukutua mdomo kwa maji ya bomba la makaburini, nagonga mlango wa nyuma.

Mwanamke mwingine angeninusa toka mlangoni. Soseji, sosi, bia ya baa nyingine. Glenys ananifungulia, ananikaribia, ananisafisha majani begani, wala hajui. Hilo ndilo linaloniamsha mpaka leo. Alikuwa ananikaribia namna ile, na hajui.

"Vipi leo?" anauliza.

Naonja. Nasikia chumvi na mafuta, na nyuma yake kitu kama bia.

"Nzuri," nasema.

"Zote?"

"Zote."

Siku nyingine sikwenda kabisa. Nikampigia simu, nikamwambia nina mafua. Akasema, "Pole kipenzi, basi leo nitatumia macho," akaniletea supu chumbani jioni. Hakunikuta. Aliiacha mlangoni imefunikwa na sahani. Nilikuwa Kwa Josiah, kwenye Alhamisi ya mchuzi wa kuku, ile ofa yao ya kila wiki.

Mei ikafika, na Ijumaa ya Pentekoste, ile inayofuata Jumapili yenyewe, ikawa inakaribia. Kwetu milimani ndiyo siku ya mashindano ya bendi za matarumbeta. Zinatoka kila mahali kwa mabasi, kila bendi inatembea barabarani ikipiga, inafika uwanjani, inapiga tena mbele ya jaji aliyefungiwa ndani ya trela lenye mapazia ili asione ni nani anapiga. Kisha wanapanda basi kwenda kijiji kinachofuata, na kingine, na kingine. Wapuliza tarumbeta wana kiu. Mikasi Miwili iko juu kabisa, mahali bendi zinapojipanga. Siku ile moja ilikuwa inambeba Glenys mpaka Septemba.

Alhamisi asubuhi nilimkuta amekaa ngazini na bahasha.

"Mkataba wa kampuni," akasema. "Miaka mitano mingine. Wanataka jibu Jumatatu."

"Utatia sahihi?"

"Sijui. Nikitia sahihi na watu hawaji, nitakufa na madeni. Nisipotia, naondoka, na chumba cha juu ninacholala nakikosa, maana ni cha baa. Nitakwenda kwa dada yangu Morecambe nimsikilize magoti." Akaipiga bahasha kwenye paja. "Nimeamua hivi. Kesho ndiyo itaniambia. Nimefungua mapipa matatu. Wakinywa kama zamani, natia sahihi. Wasipokunywa, basi watu wamebadilika, na mimi sitagombana nao."

"Watakunywa, Glenys."

"Njoo saa tano. Usichelewe. Na ule kitu chepesi."

Sasa niseme nilivyofanya. Ijumaa niliamka mapema, nikanywa chai kavu. Nilikuwa nimekusudia. Lakini mji mzima ulikuwa nje, bendera zimefungwa kwenye nguzo, na nilipopita Kwa Josiah, Wilf akagonga dirisha.

"Ingia unywe kahawa moja tu!"

"Leo hapana."

"Leo ndiyo siku yenyewe, mzee! Utasimama juu kule mpaka jioni na tumbo tupu?"

Nikaingia kwa kahawa moja. Walikuwepo wacheza dhumna wote sita, wametengeneza meza mbili kuwa moja, wanacheka. Aliyeniagizia sahani simjui mpaka leo. Painti ya kwanza alilipa Wilf, kwa hiyo ya pili ilikuwa zamu yangu, na mtu haondoki akidaiwa zamu. Saa tano na robo nilikuwa nahema kwenye kilima, ulimi umepakwa sosi ya siki na pilipili.

Glenys alikuwa amevaa blauzi ya njano na hereni. Glasi tatu ziko kwenye mstari.

"Umechelewa."

"Watu wengi barabarani."

Ya kwanza nikaona nzuri. Ya pili nzuri. Ya tatu, ile nyeupe nyepesi ambayo wapuliza tarumbeta huipenda kuliko zote, nilipoiweka mdomoni nilisikia uchachu kwa mbali, pembeni mwa ulimi. Nikaishika glasi nikaiangalia kwenye mwanga. Safi kama maji ya chemchemi. Nikajiambia, hiyo ni sosi. Huo ni mdomo wako, Seth. Ningeweza kumwambia, "Nipe maji na dakika ishirini, nionje tena." Angeniuliza kwa nini.

"Zote nzuri," nikasema.

Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akaubana, akaenda kufungua mlango wa mbele.

Saa kumi jioni bendi ya kwanza ikapanda kilima, jua kali juu ya shaba, ngoma kubwa inapiga kifua cha mtu kwa ndani. Walipomaliza kupiga uwanjani wakaja mbio, makoti mekundu yamefunguliwa vifungo. Watu thelathini. Glenys na wasichana wawili aliowaajiri walikuwa wanavuta pampu kwa mikono miwili. Wengi wakaomba ile nyeupe.

Mimi nilisimama nje karibu na ukuta wa mawe. Kijana mmoja mnene, mpuliza tuba, lile tarumbeta kubwa kuliko yote, akanywa funda kubwa. Akasimama. Akamwangalia mwenzake. Mwenzake naye alikuwa ameshusha glasi, anasoma chini yake kana kwamba kuna maandishi.

Glenys akatokea mlangoni na kitambaa begani.

"Bia vipi, wanangu?"

"Safi sana, mama, asante!" akasema wa tuba.

"Nzuri mno," akasema mwenzake.

Alipoingia ndani, wa tuba akaiweka glasi juu ya ukuta, taratibu, kwa heshima. Mwenzake akaimwaga yake kwenye maua. Sisi ndivyo tulivyo. Mtu wetu atakula chakula kibichi hotelini, na mhudumu akimuuliza atasema kitamu, kisha hatarudi tena maishani. Kumwambia mwanamke aliyevaa hereni kwamba bia yake imeharibika, siku ya sikukuu, mbele ya watu? Afadhali anywe siki. Afadhali aiache ukutani.

Nikangoja waondoke, nikachukua glasi ya wa tuba, nikanywa. Muda ulikuwa umepita, mdomo wangu ulikuwa umesafika. Imechacha. Imechacha kabisa, ya kukunja uso.

Bendi ya pili ilikuwa inapanda. Nyuma yake zilibaki kumi na tisa. Mapipa mengine mawili yalikuwa mazima. Kulikuwa na hatua kama kumi na mbili toka nilipo mpaka kaunta, na maneno matatu ya kusema: Glenys, funga nyeupe. Angeifunga. Angevuta zile mbili, siku ingeokoka.

Lakini angenitazama. Angesema, si ulionja?

Nikachukua trei. Badala ya kwenda kaunta nilianza kukusanya glasi zilizojaa nusu, nikawa namwaga kwenye mfereji nyuma ya choo, ili asizione. Bendi ikaja, ikanywa, ikashukuru, ikaacha glasi ukutani, nikamwaga. Bendi ikaja. Nilimwaga kwa saa tatu. Mmoja wa wasichana akaniambia, "Babu, wewe ni malaika leo," nami nikasema hamna neno.

Kufika saa moja, jua bado liko, habari zilikuwa zimeshafika kwenye mabasi. Bendi zilipiga, zikashuka kilima moja kwa moja. Niliwasikia wawili wakipita. "Usiende hapo juu, nenda Kwa Josiah, bei nusu na haikuui." Glenys alikuwa amesimama mlangoni, kitambaa begani, anaangalia migongo ya makoti ikiteremka.

Kesho yake saa tano niligonga mlango wa nyuma. Sikuwa nimekula kitu. Hakukuwa na glasi kwenye mstari. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha wateja, upande wa wateja, mahali sijawahi kumwona akikaa.

"Kaa, Seth."

Nikakaa.

"Niliziona zile glasi. Ulidhani sizioni. Nilikuona unazimwaga, nikasema, mtu huyu ana roho nzuri, ananificha aibu." Akanitazama sawasawa usoni. "Sasa niambie kweli, maana sina mwingine. Bia ilikuwa nzuri?"

Hapo ndipo. Mlango ulikuwa wazi kuliko jana. Hata wakati ule ingetosha: Glenys, lilikuwa pipa moja, na kosa ni langu, tia sahihi.

"Ilikuwa nzuri," nikasema.

"Ile nyeupe pia?"

"Ile pia."

Akatikisa kichwa polepole, mara kadhaa, kama mtu anayesikiliza bei.

"Basi ni mimi," akasema. "Kama bia ni nzuri na wanaiacha imejaa, basi hawapataki hapa tena. Afadhali nimejua." Kisha akatabasamu, akanigusa goti. "Asante, kipenzi. Wengine wangenidanganya."

Jumatatu akapiga simu kwa kampuni, akakataa mkataba. Mwezi wa saba wakapigilia mbao madirishani. Kwa Josiah watu walisikitika sana. Wilf alisema ni aibu kubwa, baa iliyokuwepo tangu enzi za wafumaji, serikali ingefanya kitu. Wote tukakubali, tukaagiza nyingine.

Nilidhani nitahama. Ndiyo dawa yangu ya siku zote: jambo likiharibika, nafunga begi. Nililifunga mara mbili. Lakini safari hii nilijua kitu nilichokuwa nakikimbia kilipo, Morecambe, nyumba namba kumi na moja, na mwezi wa tisa nikapanda basi kwenda huko badala ya kwenda mbali nako.

Dada yake alinifungulia, akatuachia sebule. Glenys alikuwa amenenepa kidogo, amekata nywele. Alifurahi kuniona, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko kama angenifukuza. Akaleta chai na keki. Nikamwambia kabla sijaigusa. Nilimwambia yote: Kwa Josiah, sahani, mafua ya uongo, supu, pipa la tatu, mfereji, na ile Jumamosi.

Nilipomaliza akauliza, "Lilikuwa pipa moja?"

"Moja."

"Ningelifunga dakika kumi."

"Najua."

"Kwa nini hukusema?"

"Niliona aibu."

"Aibu ya nini?"

Nilitafuta neno kubwa, sikulipata. "Ya soseji," nikasema.

Akacheka. Kicheko chenyewe, kile cha Februari, nami, Mungu anisamehe, nikaanza kucheka naye. Kisha chake kikakatika na changu kikabaki peke yake chumbani.

"Wangapi walikuwa wanakwenda huko? Asubuhi."

"Glenys, haina haja."

"Wangapi?"

"Wilf. Timu yote."

"Timu yote." Aliangalia dirishani. "Jioni walikuwa wanakaa kwangu, painti moja mtu, kwa saa tatu nzima. Nilidhani ni uzee. Nilikuwa nawapikia pai za bure." Akainua kikombe, akakirudisha. "Na walikuwa wananiambia nini, Seth? Kila jioni nilikuwa nawauliza, bia vipi?"

"Walisema nzuri."

"Walisema nzuri. Na Norman alipokuwa mgonjwa, miezi ile minne hashuki chini, nami nauza kwa macho. Walisema nzuri. Mazishini, watu mia, wote wananishika mkono, 'Bia nzuri, Glenys, Norman angejivunia.' Niliondoka Brindlow nikijua jambo moja: bia yangu ilikuwa safi mpaka siku ya mwisho. Nilikuwa namwambia dada yangu. Kila siku namwambia." Sauti yake haikupanda. "Sasa sijui ni lini ilikuwa nzuri."

Nikasema samahani. Nilisema mara nyingi, sikuhesabu. Hakuniambia basi, wala hakuniambia imekubaliwa. Alikata kipande cha keki, akakifunga kwenye karatasi, akakiweka mfukoni mwa koti langu kama anavyowafanyia watu wote, akaenda kunifungulia mlango.

"Basi lako ni la saa ngapi?"

"Linaondoka sasa hivi," nikasema.

Lilikuwa la saa kumi na moja. Ilikuwa saa nane. Nilikaa kituoni, mgongo upande wa nyumba yao, mpaka likaja.